Kutoka lundo la notsi hadi kiunzi cha sura, bila kupoteza hata ukurasa mmoja

Kuna aina ya rasimu ambayo msimamizi yeyote wa tasnifu ya historia huitambua kwa kuipitisha macho tu. Kurasa mbili ni za mwandishi wa kwanza, kurasa tatu ni za mwandishi wa pili, nusu ukurasa wa tovuti fulani, kisha hitimisho. Huyo hajaandika sura, amepanga vitabu vyake foleni. Na mwishoni mwa kila aya kuna rejeo lisilo na ukurasa, kwa sababu wakati wa kusoma ukurasa haukuandikwa, na sasa kitabu kimesharudi maktaba.

Kukosa hoja na kukosa ukurasa huonekana kama matatizo mawili. Kwa kawaida ni moja: notsi zilichukuliwa kwa kufuata kitabu, si kwa kufuata swali, na chanzo kikaachwa kuwa kazi ya usiku wa mwisho. Utaratibu ninaoueleza hapa unafunga chanzo kwenye notsi tangu inapozaliwa, na haukifungui mpaka tasnifu inapopelekwa kufungwa jalada.

Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: Vita vya Majimaji, vya wenyeji wa kusini mwa Tanganyika dhidi ya utawala wa Wajerumani. Ni mfano mzuri kwa sababu una vyanzo vya kila aina, kuanzia majalada ya Kijerumani, simulizi za wazee, utenzi, makala za majarida hadi vitabu vya wanazuoni, na kwa sababu vyanzo hivyo vinapingana waziwazi. Swali letu la mfano liwe hili: je, kilimo cha pamba cha kulazimishwa kinatosha kueleza kwa nini vita vilianza mwaka 1905 na kwa nini vilienea?

Chanzo kipate kitambulisho kabla hakijasomwa

Fungua daftari moja, au jedwali moja la Excel, la vyanzo peke yake. Kwa kitabu andika jina la mwandishi kama lilivyo kwenye ukurasa wa ndani wenye jina la kitabu (jalada mara nyingi hufupisha), mwaka, jina kamili pamoja na jina dogo linalofuata nukta mbili, toleo, mchapishaji, mji, na namba ya rafu ulipokitoa. Kwa makala ya jarida ongeza jina la jarida, juzuu, namba, ukurasa wa kwanza na wa mwisho, na DOI (namba ya kudumu ya makala mtandaoni) kama ipo.

Mji wa uchapishaji unaleta ubishi. Kati ya mitindo ya kuandika marejeo, APA toleo la 7, la mwaka 2019, liliuondoa, na Chicago toleo la 18, la mwaka 2024, haliudai tena kwa vitabu vya kisasa. Lakini miongozo mingi ya idara zetu bado inautaka. Uandike tu. Kufuta mji ni kazi ya sekunde, kuutafuta baada ya miaka miwili ni nauli ya kwenda maktaba.

Mwaka nao una mtego. Unaupata nyuma ya ukurasa wa jina, na mara nyingi iko miaka kadhaa imepangana. Tofautisha toleo na uchapaji: kitabu kilichotoka 1979 kikachapwa tena baadaye bila kubadilishwa neno bado ni cha 1979. Kikirekebishwa na kuitwa toleo la pili, hapo mwaka unabadilika, na kurasa pia hubadilika.

Kisha kipe kila chanzo msimbo mfupi: herufi tatu za jina na tarakimu mbili za mwaka. Makala ya John Iliffe ya mwaka 1967 kuhusu namna vita vya Majimaji vilivyopangwa, iliyo katika Journal of African History, juzuu ya 8, namba 3, kurasa 495–512, inakuwa ILI67. Kitabu chake cha historia ya Tanganyika cha mwaka 1979 ni ILI79. Mkusanyo wa kumbukumbu za vita hivyo aliouhariri pamoja na G.C.K. Gwassa mwaka 1968 ni GWI68 (GW ya Gwassa, I ya Iliffe), na tasnifu ya Gwassa mwenyewe ya mwaka 1973, ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ni GWA73. Kitabu alichochapisha von Götzen, gavana wa Kijerumani wakati wa vita, mjini Berlin mwaka 1909 ni GOT09. Mwandishi akiwa na kazi mbili za mwaka mmoja, ongeza a na b. Baada ya msimbo weka nukta mbili na ukurasa, basi: ILI67:501 inajieleza yenyewe, popote utakapoihamishia.

Siku hizi notsi nyingi huanza kama picha za simu, na hapo ndipo vyanzo hupotea kwa wingi. Piga kwanza ukurasa wa jina, piga na nyuma yake, ndipo upige kurasa unazozitaka, na hakikisha namba ya ukurasa imo ndani ya picha. Wengi hukata pembe ili maandishi yaonekane makubwa, na namba iko pembeni humo humo. Usijitumie picha kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, kwa sababu zinabanwa na herufi ndogo za tanbihi hazisomeki tena. Zitume kama hati. Kabla hujalala, ziweke zote kwenye folda yenye jina la msimbo. Picha 140 zisizo na majina, zilizochanganyika na za harusi ya binamu, hazina thamani kitaaluma.

PDF ina mtego wake. Namba ambayo kompyuta inakuonyesha si namba ya ukurasa uliochapwa. Ukipakua ile makala ya 1967 ikiwa na karatasi ya utangulizi iliyobandikwa na hifadhi ya mtandaoni, ukurasa wa 2 wa faili ndio ukurasa wa 495, na ukurasa wa 8 wa faili ndio wa 501. Anayeandika «uk. 8» ameandika rejeo lisiloweza kuwa kweli, maana makala inaanzia 495. Watahini hukamata kosa hili haraka kuliko lolote.

Nyaraka zisizochapwa zinahitaji taarifa zaidi, na hapa usibane wino. Kwa jalada la Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, ambako mafaili ya enzi ya Kijerumani yanaanza na herufi G, andika hifadhi, mfululizo, namba ya jalada, namba ya karatasi, tarehe ya barua, na nani alimwandikia nani. Mafaili ya iliyokuwa ofisi ya makoloni yaliyoko Berlin yanaanza na R 1001, na kifupi «Bl.» utakachokikuta kwenye tanbihi za watafiti kinahesabu karatasi, si kurasa. Karatasi moja ina pande mbili, kwa hiyo andika ni upande gani.

Simulizi nazo vilevile. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa chuo cha Dar es Salaam, kilipokuwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, walikusanya masimulizi ya wazee katika maeneo ya vita. Ripoti zao zina namba ndefu zenye mikwaju, na kila tarakimu ina kazi yake. Ukiruka moja umempeleka msomaji kwenye kijiji kingine. Kwa mahojiano yako mwenyewe, mpe msimulizi namba (tuseme MH-04) badala ya jina kama hukupewa ruhusa ya kumtaja, na andika mahali, tarehe, lugha, na kama alirekodiwa au uliandika kwa mkono. Orodha inayounganisha namba na majina ikae mbali na notsi.

Kadi moja, dai moja

Iwe ni kadi ya karatasi ya inchi 3 kwa 5, mstari wa Excel au programu ya simu, kanuni ni ile ile: notsi moja inabeba dai moja. Ukiona umeandika «pia» mara mbili, igawe. Sababu ni ya kiutendaji: notsi yenye madai mawili itatakiwa sehemu mbili za kiunzi (mpango wa hoja za sura) kwa wakati mmoja, utainakili, na nakala ya pili ndiyo itakayopoteza ukurasa.

Kila notsi iwe na alama ya aina. N ni nukuu, neno kwa neno, ndani ya alama za kunukuu, hata makosa ya chapa ya mwandishi yakiachwa. M ni maelezo kwa maneno yako. W ni wazo lako. Watu huona alama hizi ni utoto mpaka wanapokutana na sentensi nzuri katika daftari lao la mwaka jana na hawajui kama ni yao au ya mtu. Wizi wa kitaaluma usiokusudiwa huzaliwa hapo: nukuu iliyonakiliwa bila alama, ikakaa miezi minane, ikaamka kama sentensi ya mwanafunzi.

Kwa anayeandika kwa Kiswahili kuna aina ya nne, T, yaani tafsiri. Unasoma Kiingereza au Kijerumani, unaandika notsi kwa Kiswahili. Sentensi hiyo si nukuu, maana mwandishi hakusema maneno hayo. Wala si maelezo yako, maana mpangilio wa wazo ni wake mwanzo hadi mwisho. Andika T, hifadhi sentensi ya asili chini yake, na katika tasnifu uweke «tafsiri yangu». Wapo wanaodhani kutafsiri aya nzima kunasafisha kila kitu kwa kuwa programu ya kukagua mfanano hailii. Mtahini aliyesoma kitabu hicho mara kumi hahitaji programu.

Tuitazame kadi moja kwa karibu. Juu kulia: ILI79, nukta mbili, ukurasa. Juu kushoto: M. Katikati: makadirio rasmi ya Wajerumani ni vifo 75,000, Gwassa anakadiria 250,000 hadi 300,000. Chini yake mstari wa mipaka: eneo lote la vita, waliokufa kwa njaa wamo. Chini kabisa, baada ya W: tofauti ni zaidi ya mara tatu, Wajerumani walihesabu nini?

Mstari wa mipaka ndio unaorukwa zaidi, na ndio unaookoa hoja. Dai lolote la kihistoria lina mahali na wakati wake. Thaddeus Sunseri, katika makala yake ya mwaka 1997 (SUN97), anazungumzia njaa, nguruwe pori na mivutano kati ya wanawake na wanaume huko Uzaramo, karibu na Dar es Salaam. Kadi isiyoandikwa «Uzaramo» itachukuliwa miezi sita baadaye na kubandikwa Umatumbi, kwenye vilima vya nyuma ya Kilwa, na hapo utakuwa umemlisha mwandishi maneno.

Kadi hiyo hiyo ya vifo inaonyesha jambo jingine. Makadirio makubwa ni ya Gwassa, lakini wewe umeyaona kwa Iliffe. Andika mnyororo wote kwenye kadi: «GWA73, kupitia ILI79». Ukija kuipata tasnifu ya 1973 na kukuta ukurasa, futa «kupitia». Usipoipata, tasnifu yako itasema Gwassa kama alivyonukuliwa na Iliffe, na kwa APA kitakachoingia kwenye orodha ya marejeo ni kile ulichokishika mkononi tu. Kumtaja Gwassa moja kwa moja kwa kitabu ambacho hukukiona ni kutoa ushahidi wa kusikia kana kwamba ulikuwepo, na makosa ya nukuu husafiri hivyo hivyo kutoka tasnifu hadi tasnifu.

Si kila kitu kinahitaji rejeo. Kwamba vita vilianza mwaka 1905 ni jambo linalojulikana. Idadi ya waliokufa, maneno ya mtu, tafsiri ya sababu, na chochote ambacho wanazuoni wanakibishania vinahitaji. Ukisita, weka, kuondoa ni rahisi.

Kupanga: usiuguse ukurasa wa kwanza kwanza

Ukifikisha kadi 60 hadi 100 kwa makala ya kurasa 15 hivi, acha kusoma. Zisomee zote mfululizo kwa kikao kimoja bila kuandika rasimu. Kisha zigawe kwa mafungu kwa kujibu: kadi hii inanisaidia kujibu sehemu gani ya swali? Usiulize inatoka kitabu gani. Katika mfano wetu mafungu yatajitokeza yenyewe: mradi wa pamba ulivyokuwa, mwanzo wa vita Umatumbi, dawa ya maji iliyoaminiwa kuzuia risasi na Kinjikitile wa Ngarambe, mganga aliyeieneza, kuenea kwa vita kwenda magharibi na kusini, sababu nyingine zisizo pamba, na mabishano ya wanahistoria.

Fungu likizidi kadi 15, lina mafungu mawili ndani yake. Likiwa na kadi mbili, ama liunge na jingine ama ndilo pengo la kwenda kujaza.

Wanaotumia Excel wajihadhari na mambo mawili. La kwanza ni kupanga safu moja tu kwa herufi huku nyingine zikibaki zilipo: madai yanahama, misimbo inabaki, na kila notsi sasa ina chanzo cha jirani yake. Ukigundua baada ya kuhifadhi na kufunga faili, hakuna dawa zaidi ya nakala ya zamani. Ligeuze eneo lote kuwa jedwali rasmi kabla ya kupanga, na upe kila mstari namba ya kudumu katika safu ya kwanza ili uweze kurudi. La pili ni kurasa: ukiandika 3-5, Excel itaamua ni tarehe na kukuandikia siku ya Machi au Mei. Geuza safu ya kurasa kuwa maandishi kabla hujaingiza chochote, maana ukigeuza baadaye inakupa tarakimu tano zisizo na maana.

Baki na fungu moja la ziada, liitwe Zimebaki. Notsi nzuri isiyojibu swali iingie humo. Kuilazimisha kwenye sura kwa kuwa uliitafuta kwa jasho ni sababu kubwa ya aya zinazokwenda pembeni.

Kiunzi ni sentensi, si vichwa vya habari

«Sababu za vita» si hoja. Ni jina la kabati. Mstari wa kiunzi uwe sentensi kamili ambayo mtu anaweza kuikataa, na chini yake misimbo inayoibeba. Sehemu moja ya mfano wetu ingekaa hivi:

2. Pamba ya lazima inaeleza mwanzo wa vita Umatumbi, lakini haielezi kuenea kwake.

2.1 Mashamba ya pamba ya pamoja yalianza mwaka 1902 chini ya Gavana von Götzen, yakisimamiwa na maakida na majumbe. [ILI79, GWI68, GOT09 kwa upande wa serikali]

2.2 Uasi ulianzia Nandete, katika vilima vya Umatumbi, mwishoni mwa Julai 1905, kwa kung'oa pamba. [GWI68, GWA73]

2.3 Kufikia 30 Agosti boma la Mahenge lilikuwa limeshambuliwa, na Septemba vita vilikuwa Ungoni, upande wa Songea. Malalamiko ya huko hayakuwa ya pamba ya Umatumbi. [ILI67, ILI79, PENGO: chanzo cha pili kwa Ungoni]

2.4 Kwa hiyo kinachohitaji kuelezwa ni kiungo kati ya maeneo haya, na hapo ndipo dawa ya maji inapoingia. [W-12, W-31; ILI67 kwa hoja ya itikadi]

Hapa kiunzi kimeshaanza kufanya kazi ya tasnifu. 2.1 ina vyanzo vya pande mbili. 2.4 ni ya mwandishi mwenyewe, na alama ya W inamwambia wazi. 2.3 inakiri pengo, na pengo lililoandikwa kwenye kiunzi ni safari moja ya maktaba yenye shabaha. Likigunduliwa kwenye rasimu linakuwa sura ya kuandikwa upya.

Ngazi tatu zinatosha: 2, 2.1, 2.1.1. Ukihitaji ya nne, huenda 2.1 inastahili kuwa sehemu ya 3.

Kisha kikague kwa kuangalia misimbo peke yake, kana kwamba husomi maneno. Sehemu yenye msimbo mmoja kuanzia juu hadi chini ni muhtasari wa kitabu hicho. Msimbo unaojitokeza katika kila sehemu unaonyesha unayemwegemea, na kwa Majimaji mara nyingi ni Iliffe. Si dhambi, ila utafiti wa miaka ya karibuni umepinga wazo la vita kama tukio moja lenye chanzo kimoja, na kiunzi kisicho na chanzo chochote baada ya 1990 kitaulizwa. Mstari usio na msimbo wala W ni kitu unachokiamini bila kujua kwa nini.

Mpangilio wa sehemu ni uamuzi wako, na usiogope kuachana na kalenda. Kufuata miaka ni salama kwa sura ya usuli. Sura inayobishana hukaa vizuri zaidi ikianza na maelezo yanayokubalika, ikaonyesha yanapokwama, kisha ikaleta linalojibu.

Rasimu ibebe misimbo

Andika rasimu ukiwa na kiunzi pembeni, na uache misimbo ndani ya sentensi kama ilivyo: [ILI67:501]. Usianze kuandika marejeo kamili. Yanakata mwendo, na aya zikihamishwa yanakosewa. Panapokosekana kitu weka alama isiyotumika kwingine, kama ??, ili siku ya mwisho uitafute kwa kubonyeza mara moja. «Nitatafuta baadaye» haitafutiki.

«Keshatajwa» na «Ibid.» zisiingie kwenye rasimu kabisa. Ibid. ina maana ya chanzo kilichotangulia. Ukiingiza aya mpya katikati, kilichotangulia kimebadilika na rejeo lako sasa linamtaja mtu mwingine. Chicago yenyewe imeacha kuipendelea, inataka jina na kichwa kilichofupishwa.

Misimbo igeuzwe kwa mkupuo mmoja, sura ikishatulia. Mtindo uulize idarani kwanza. Maandishi mengi ya kitaaluma ya Kiswahili hutumia mwandishi, mwaka, nukta mbili na ukurasa, Iliffe (1967:501). APA ingetaka mkato na kifupi cha ukurasa: (Iliffe, 1967, uk. 501). Historia nyingi hutumia tanbihi za Chicago. Kinachokera watahini si mtindo uliouchagua bali mitindo mitatu ndani ya sura moja.

Majina ndiyo yanayoleta taabu kwenye orodha ya mwisho. Gavana hakai kwenye V. Anakaa kwenye G, Götzen, Gustav Adolf von, na ukiandika Goetzen mahali pamoja na Götzen pengine, programu itamfanya watu wawili. Mtunzi wa utenzi wa Majimaji, Abdul Karim bin Jamaliddini, hana jina la ukoo kwa maana ya Kizungu: Jamaliddini ni jina la baba yake. Kumgeuza kuwa «Jamaliddini, A. K. B.» ni kumvika bin kama herufi ya kwanza ya jina. Mwanzishe na Abdul Karim. Utenzi huo ulichapwa mwaka 1957 pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya W. H. Whiteley, kwa hiyo rejeo lina watu wawili, mtunzi na mfasiri, na ukinukuu Kiswahili usimpe Whiteley sifa ya beti. Unaponukuu utenzi, namba ya ubeti ina faida kuliko ukurasa, kwa sababu ubeti haubadiliki kitabu kikipangwa upya.

Mahojiano yako hayaingii kwenye orodha ya marejeo ya APA. Hayatajwi kama mawasiliano binafsi pia: unamnukuu msimulizi moja kwa moja ndani ya matini, ukieleza kuwa ni mshiriki wa utafiti wako. Chicago huyaweka kwenye tanbihi. Idara nyingi hutaka pia orodha ya wasimulizi kama kiambatisho, na hapo namba MH-04 inakufaa tena.

Zotero, programu ya kutunza marejeo, ya bure na inayofanya kazi bila intaneti ukishaiweka, inastahili kujifunza kwa jioni moja. Lakini inachukua taarifa kama ilivyozikuta. Angalia mambo manne kila unapoingiza kitu: jina lote limeandikwa kwa herufi kubwa, mchapishaji ameingia mahali pa mwandishi, kurasa hazipo, au mwaka ni wa kuwekwa mtandaoni badala ya kuchapwa. Ikibaki kwenye Kiingereza itakuandikia «and» na «et al.» ndani ya tasnifu ya Kiswahili. Badilisha kuwa «na» na «na wenzake» mwishoni kabisa, katika nakala uliyokwisha kukata viungo vya programu. Ukibadilisha mapema, ikijisasisha inarudisha Kiingereza chake.

Na marejeo yanayotolewa na programu za akili bandia yachukuliwe kama uvumi. Zinaweza kukutungia makala yenye mwandishi wa kweli, jarida la kweli, na kichwa ambacho hakijawahi kuandikwa. Fungua jarida lenyewe, angalia juzuu na kurasa. Rejeo ambalo hukulifungua halipati msimbo.

Siku ya kukagua

Chapa sura kwenye karatasi, na orodha ya marejeo kwenye karatasi nyingine. Pitia sura, na kila rejeo unalolikuta weka alama kwenye orodha. Lisilokuwa kwenye orodha, zungushia duara. Ukimaliza, kilichobaki bila alama kwenye orodha hakikutajwa popote: kitoe, hata kama kinapendeza. Kisha chukua nukuu zote za neno kwa neno na uzilinganishe na picha au kitabu, herufi kwa herufi. Kazi hii haifanyiki vizuri kwenye skrini, na haifanyiki vizuri na mtu aliyeandika sura hiyo jana, kwa hiyo ipe siku mbili tatu au mbadilishane na mwenzako.

La mwisho ni tahajia. Vitabu vinaandika Maji Maji, Maji-Maji na Majimaji. Katika maelezo yako chagua moja uishike hadi mwisho. Katika majina ya kazi za wengine na ndani ya nukuu iache kama mwandishi alivyoiandika, na uizuie kompyuta isibadilishe zote kwa amri moja.